Shauri Lisilokataliwa

Ikulu, Ulembela
11 Juni 1934

Kwa ndugu yangu Justus,

Nakusalimu wewe, mkeo Flavia na wote wanaolala chini ya paa lako hapo Tabora. Huku tumeamka wazima. Mtama umekuwa wa wastani. Ndege wamechukua fungu lao, nasi tumebaki na letu. Binti yangu Tekla amerudi kutoka shule ya masista. Amekuwa mrefu kunipita, na anajua kushona kwa cherehani ingawa cherehani yenyewe hatuna. Mzee Lukumani, mlinzi wa makaburi ya watemi, anauliza kama bado unakula ugali wa muhogo au umekwisha kuwa mtu wa mkate. Nimemwambia sijui.

Sasa sikiliza jambo lenyewe. Mwezi uliopita alikuja Mzungu wa malale, ule ugonjwa wa kusinzia, pamoja na Bwana Shauri, mkuu wa Serikali wa upande wetu. Walikaa siku sita wakiwapapasa watu shingo na kuwachoma vidole. Watu kumi na mmoja wameonekana na ugonjwa. Sikatai. Mmoja wao ni mke wa Lugembe, mnyampara wangu, na nimemwona kwa macho yangu akisinzia na mwiko mkononi. Mbung'o wapo, wale nzi wanaoueneza, na pori limetusogelea tangu vita ilipowachukua wanaume wetu kuwa wapagazi wasirudi. Hayo ni kweli.

Lakini dawa waliyoileta ni hii: vijiji vyote saba vihame, wagonjwa na wazima, watu wakakae pamoja Kisanga karibu na reli, mahali patakapofyekwa. Wahame kabla ya mvua za kwanza. Na nyumba zitakazoachwa zichomwe, ili mtu asirudi.

Nikamwuliza Bwana Shauri, "Hiyo ni amri ya Serikali?"

Akajibu, "Hapana, Mtemi. Serikali haiwaamuru watu wako. Mwenye mamlaka hapa ni wewe. Mimi natoa shauri tu. Amri itakuwa yako, kwa muhuri wako."

Nikasema, "Basi nimelisikia shauri. Nitakaa na wazee. Tukikubali nitakuambia, tukikataa nitakuambia."

Akamtazama mwenzake, akatabasamu kidogo. "Shauri hili, Mtemi, halikataliwi."

Wewe mwaka wa tisa sasa ni mkalimani wao, na vitabu vyao vya sheria viko karibu na mkono wako. Tafuta humo uniambie: naweza kukataa, au siwezi? Lugembe anaipeleka barua hii stesheni ya Tura kwa miguu, siku moja na nusu. Usimfanye arudi mikono mitupu mara nyingi.

Mimi dada yako,
Eustadia


Tabora
9 Julai 1934

Dada yangu na Mtemi wangu,

Shikamoo. Barua yako niliipokea kwa mikono miwili. Sisi hatujambo. Flavia ni mzito, anategemea kujifungua mwezi wa tisa, na kwa sasa anachukia harufu ya samaki, basi nyumba nzima tumeacha samaki. Mwambie Mzee Lukumani kwamba mkate nakula ofisini, nyumbani nakula ugali.

Nimesoma sheria, ile ya mwaka 1926. Nimeisoma mara mbili nisije nikakudanganya. Inasema mtemi anaweza kuwaamuru watu wake kwa mambo kadhaa, na kuzuia maradhi ni mojawapo. Inasema pia kwamba Bwana Shauri akiona inafaa, anaweza kumtaka mtemi atoe amri. Mtemi asipoitoa, Bwana Shauri ataitoa mwenyewe. Na mtemi asiyefaa, Gavana anaweza kumwondoa. Kwa hiyo unauliza kama unaweza kukataa: unaweza, kama vile mtu anavyoweza kusimama kwenye reli.

Nikueleze jambo moja nililoliona. Wiki iliyopita nilikuwa nimesimama na karatasi mkononi wakati mabwana wawili wanakunywa chai. Mmoja ni kijana, ametoka kwao juzi tu. Akamwuliza mkubwa wake nchi hii hasa ni ya nani. Mkubwa akasema si ya Mfalme, maana Mfalme amekabidhiwa tu na Mataifa yaliyokutana huko Geneva. Si ya Mataifa, maana hayana hata askari mmoja hapa. Kijana akasema, "Basi ni ya wenyeji?" Mkubwa akakoroga chai. Halafu akanigeukia: "Justus, kwa Kiswahili mnasemaje *sovereignty*?" Nikasema ni enzi. Akasema enzi ni kiti. Nikasema mamlaka. Akasema mamlaka hata tarishi anayo akibeba barua yake. Wakarudi kwenye habari za kuwinda. Tangu siku ile neno hilo linanikaa kooni. Nadhani maana yake ni yule ambaye juu yake hakuna wa kumwambia basi. Nimemtafuta mtu huyo katika nchi hii, kila nikimfikia namkuta anamwonyesha mwingine kwa kidole.

Ushauri wangu: kubali, lakini omba muda. Omba visima vichimbwe kwanza Kisanga, omba mihogo ivunwe. Ukikubali utabaki kitini, na aliye kitini anaweza kuwasaidia watu.

Kuna jambo jingine, ila halijaiva. Tuliache.

Mdogo wako,
Justus


Ikulu, Ulembela
2 Agosti 1934

Kwa Justus,

Marahaba. Mwambie Flavia atafune tangawizi. Mke wa Lugembe alifariki Jumapili. Alilala akawa haamki, na tulimzika mchana. Lugembe hakukaa matanga, ameng'ang'ania kubeba barua hii mwenyewe. Nadhani anataka njia ndefu.

Nimesoma maneno yako juu ya mtu ambaye hakuna wa kumwambia basi. Mtu huyo mimi na wewe tunamfahamu. Babu yetu alikaa kando ya njia ya misafara, na hakuna msafara kutoka pwani, wa Mwarabu wala wa Mzungu, uliopita Tura bila kusimama na kutoa hongo, ule ushuru wa njia. Watu husema alikuwa mlafi wa nguo za merikani na shanga. Ni kweli, alikuwa mlafi. Na wapo watu aliowauza kwa misafara hiyohiyo, simpambi. Lakini kila aliyefungua mzigo wake pale alikuwa akikiri kwamba nchi hii ina mwenyewe. Bibi alitusimulia msafara aliourudisha, ukazunguka kusini siku nane porini bila maji. Hakumwomba mtu ruhusa. Mimi mjukuu wake nimepewa muhuri wa mpira na kidau cha wino.

Wazee wamekaa nami siku tatu. Hatukatai kupona. Tunakataa vijiji saba kusukumwa mahali pamoja kama mbuzi, na kuchoma wenyewe. Tunataka wagonjwa watengwe, pori lifyekwe pale tulipo, nasi tutafyeka bila ujira. Tumeyaandika haya kwa Baraza la Mataifa la Geneva, maana umesema wao ndio waliokabidhi. Alama za dole gumba za wazee ishirini na wawili zimo. Mzee Lukumani alitaka maneno yake yaandikwe kama alivyoyasema, nayo ni haya: "Mkitaka nihame, wahamisheni kwanza hawa niliowazika."

Yatie katika Kiingereza kizuri, uyapeleke posta mwenyewe. Yasipite mezani kwa Bwana Shauri. Nakuamini.

Eustadia


Tabora
24 Septemba 1934

Dada yangu,

Shikamoo, na pole sana kwa msiba wa mke wa Lugembe. Unisamehe kimya changu. Flavia alijifungua tarehe sita, mtoto wa kike, mwepesi kama kifaranga, na wiki mbili za kwanza tulikuwa tukimsikilizia pumzi. Sasa ananyonya. Tumemwita jina lako.

Barua yenu imekwenda.

Kazi ni nyingi. Mvua mwaka huu wanasema zitawahi.

Justus


Ikulu, Ulembela
13 Oktoba 1934

Kwa Justus,

Nimefurahi kwa mtoto. Mungu amlinde.

Bwana Shauri alikuja Jumanne na askari kumi na wanne. Kabla hajaketi aliniambia, kwa Kiswahili chake cha taratibu, "Mkitaka nihame, wahamisheni kwanza hawa niliowazika. Maneno mazuri, Mtemi. Nani ameyasema?"

Nakuuliza wewe: barua ilikwenda wapi?

Akaweka karatasi ya amri mbele yangu, imekwisha pigwa chapa, jina langu chini. Akasema nisipotia muhuri ataitekeleza mwenyewe, na askari wake si watu wa hapa, hawajui mzee wala mgonjwa. Nikitia, nitakwenda nao nyumba kwa nyumba na kusimamia. Nimetia muhuri.

E.


Kisanga
29 Oktoba 1934

Kwa Justus,

Tumehama. Vijiji vyote saba. Mvua ilitukuta njiani siku ya pili.

Ukiulizwa habari za Mzee Lukumani, sema hayuko Kisanga.

E.


Tabora
16 Novemba 1934

Dada yangu,

Shikamoo. Naandika nikiwa nyumbani, Flavia yuko kwao Igalula na mtoto, hakuna anayenitazama.

Barua ilikwenda mezani kwa Bwana Shauri. Niliiweka pale mimi. Kanuni za hao wa Geneva ndivyo zilivyo: malalamiko ya wenyeji lazima yapitie kwa Serikali ile ile inayolalamikiwa, nayo itaambatanisha maelezo yake. Kama ningeitia posta, wangeirudisha hapa kutoka Geneva, na mwandiko wa mkalimani wao wanaujua. Hayo ndiyo niliyojiambia. Lakini ningeweza kukuandikia mapema, nikusimulie kanuni, ukachagua wewe. Sikufanya hivyo kwa kuwa niliogopa, na nilipoanza kuogopa sikujua pa kuacha.

Sasa nakuuliza nami. Juzi nimeletewa taarifa ya uhamisho niitafsirie sehemu zake, zisomwe katika baraza la watemi wengine. Imeandikwa: "Mwenyeji mmoja mzee alifariki katika moto uliowashwa kwa amri ya Mtemi." Hakuna jina.

Dada, kilitokea nini?

Justus


Kisanga
10 Desemba 1934

Kwa Justus,

Umeniuliza, nami nitakuambia mara moja tu.

Tulikwenda kijiji kwa kijiji. Askari walikuwa na orodha ya majina, wakiwaita watu barabarani mmoja mmoja. Kijiji cha makaburi kilikuwa cha mwisho. Koleta, mke wa yule mtoto wa Lukumani aliye kwenye mashamba ya mkonge Tanga, alisema mzee ametangulia na watu wa Lugembe. Lugembe alikuwa amekwisha ondoka na kundi la kwanza, hakukuwa na wa kumwuliza. Nikapiga kelele jina la mzee mara tatu mbele ya nyumba yake. Nikaingia, hamna kitu ila kigoda. Ile nyumba ndogo ya makaburini sikuifungua. Si desturi mwanamke kuifungua, hata akiwa mtemi, nami siku ile, baada ya kuvunja kila kitu, nikaona nishike hiyo desturi moja.

Bwana Shauri alikuwa na saa mkononi. Mawingu yalikuwa yamefunga. Askari wamesimama na mienge, hawawashi, wananitazama mimi. Akasema, "Mtemi, wanangoja neno lako."

Nikasema, "Washeni."

Nyasi za paa zilikuwa kavu. Tulisikia kukohoa. Mlango wa ile nyumba ya makaburini ulikuwa umefungwa kwa kamba kwa ndani. Askari wawili waliuvamia kwa mabega, mmoja hata sasa ana kidonda, lakini paa likashuka. Mzee hakupiga kelele. Koleta ndiye aliyepiga.

Bwana Shauri alivua kofia. Akaniambia kwa upole, "Ni jambo la kusikitisha sana, Mtemi. Ingekupasa uhakikishe."

Hapo ndipo nilipolielewa lile neno lako. Siku zote nilidhani mamlaka waliyonipa ni ya bandia. Si ya bandia. Ni ya kweli kabisa, ila ilitengwa kwa siku kama ile.

Hapa Kisanga visima ni viwili kwa watu elfu moja na mia tatu. Maji ni ya tope. Watoto wanaharisha. Tumezika ishirini na sita tangu tulipofika, na wote ila wanne ni watoto. Mzungu wa malale amepima tena, anasema hakuna mgonjwa mpya, na amefurahi. Namwamini. Tekla hasemi nami. Ananipikia, anaweka chakula, anaondoka.

Lugembe amerudi kutoka Tura na maneno aliyoyasikia kwa watu wa treni. Wanasema Tabora inajulikana ni nani atakayekaa kwenye kiti changu. Nimemwambia anyamaze. Lakini katika barua yako ya Julai uliandika kuna jambo ambalo halijaiva. Limeiva?

Eustadia


Tabora
17 Januari 1935

Dada yangu,

Shikamoo. Nimeianza barua hii tangu Krismasi. Mtoto hajambo, ameota jino.

Waliniita tarehe thelathini Juni, siku tisa kabla sijakujibu. Waliniketisha, jambo ambalo hawajawahi kulifanya. Walisema wanataka watemi wanaosoma, wanaojua ofisi, na kwamba wewe ni mwanamke hodari lakini mwenye kichwa kigumu. Wakaniuliza, ikitokea lazima, kama ningekuwa tayari. Sikusema ndiyo. Sikusema hapana. Nikaenda nyumbani nikakuandikia ukubali. Nilijiambia ukikubali utabaki, nami sitalazimika kuwajibu kamwe. Lakini nimejiuliza mara nyingi: kama wasingeniita, ningekushauri vilevile? Sijui, dada. Naapa sijui.

Sasa limeiva. Karatasi ya Gavana imefika. Unaondolewa katika utemi wa Ulembela "kwa kukosa uangalifu katika kutumia mamlaka yake, hata kusababisha kifo". Hutakiwi kukaa ndani ya mipaka ya Ulembela kwa miaka mitano. Waliniletea niitafsiri. Nilikaa nayo mchana kutwa kama mtu asiyejua Kiingereza. Nilipomaliza niliisoma kwa sauti, na karani mwenzangu akanisifu kwa Kiswahili safi.

Wanasubiri jibu langu mwisho wa mwezi wa pili. Nikikataa watamweka mtu kutoka mjini, yule mfanyabiashara wa asali Mabruki, ambaye Ulembela anaijua kwa mizinga tu. Nikikubali, najua utaniitaje.

Niambie nifanye nini. Chochote utakachosema nitakifanya.

Justus


Igalula
20 Februari 1935

Kwa Justus,

Nipo Igalula, kwa katekista Raymundi, mjomba wa mkeo. Flavia alinipokea stesheni na mtoto mgongoni. Ni mtoto mwenye macho makali, ana paji la uso la mama yetu. Nilimbeba, akanishika sikio.

Walinipa siku nne. Siku ya tatu niliwakusanya watu Kisanga, peke yangu, Bwana Shauri hajafika. Niliwaambia, "Nyumba zilichomwa kwa muhuri wangu. Mzee Lukumani alikufa kwa neno langu. Msije mkamwambia mtoto yeyote kwamba Serikali ilifanya na Mtemi alikuwa akitazama tu. Nilikuwa nikisema."

Koleta alisimama mbele kabisa. Akauliza, "Ungeweza kukataa?"

Nikasema, "Ningeweza. Wangeniondoa."

Akasema, "Na sasa?"

Nikasema, "Wameniondoa."

Mzee mmoja alitema mate chini, si kwa kunitukana, nadhani, ni kikohozi. Kisha wakarudi makwao, maana kulikuwa na maziko mawili siku ile.

Tekla hakuja nami. Nilimwamuru apande treni. Akaniambia, "Mama, amri zako zimekwisha," akanifungia mzigo wangu vizuri sana, akanipa maji ya njiani. Amebaki kwa Koleta, anamsaidia na watoto.

Unataka nikuambie ukubali au ukatae, na umeapa utafanya chochote nitakachosema. Naona unachokitafuta. Unatafuta mtu wa kusimama nyuma ya neno lako, kama vile Bwana Shauri alivyosimama nyuma yangu, na Gavana nyuma yake. Ndugu yangu, mimi sitoi shauri.

Usiniandikie kabla hujaamua. Ukiisha amua, fanya upendavyo.

Eustadia


Kisanga
6 Mei 1935

Dada yangu,

Shikamoo. Flavia atakuwa amekuambia niko wapi, kwa hiyo hii si habari. Nilingoja kwanza niwe na kitu cha kukueleza ambacho hakuna mwingine angekueleza.

Nimepanda hapa mihogo yangu ya kwanza, imeota vibaya. Kisima cha tatu kimechimbwa, nimekidai mpaka kikachimbwa, na maziko yamepungua. Mwezi uliopita yalikuwa mawili tu. Lugembe ameacha unyampara, anasema miguu imechoka. Jina la Mzee Lukumani nimeliandika katika kitabu cha baraza, kwa tarehe yake na namna alivyokufa. Bwana Shauri aliliona, akafungua ukurasa mwingine.

Nataka kukusimulia siku niliyowekwa. Ilikuwa tarehe kumi na moja Machi, asubuhi. Bwana Shauri alivaa sare na upanga. Watu waliketi chini kwenye jua, wengi kuliko nilivyotazamia. Hakukuwa na ngoma. Wazee wenye kujua mambo ya kumsimika mtemi walisema dawa zinazotakiwa zimebaki kwenye makaburi, na huko watu wamekatazwa kwenda. Basi nilisimikwa kwa hotuba. Bwana Shauri alisema kwa Kiingereza nami nikatafsiri, maana mkalimani mwingine hakuletwa. Nilisema kwa kinywa changu, "Huyu ndiye mtemi wenu, mliyempata kwa desturi zenu wenyewe." Nilijitafsiri mimi mwenyewe, dada, kwa Kinyamwezi, mbele ya watu walioniona nikichunga mbuzi.

Alipomaliza aliuliza kama kuna mwenye neno. Koleta akasimama. Hakupaza sauti. Akaniuliza kwa lugha yetu, "Justus, nani amekuweka?"

Ningeweza kusema wazee. Ningeweza kusema damu ya babu yetu. Nilikuwa na majibu mengi, nimeyakusanya miaka tisa ofisini. Nikasema, "Bwana Shauri."

Akasema, "Basi tukiwa na neno tutamwambia yeye. Wewe tutakusalimu tu." Akaketi.

Bwana Shauri aliinama kwangu. "Amesema nini yule mama?"

Nikamwambia kwa Kiingereza, "Anasema wanakukaribisha, Bwana, na wananikaribisha mimi."

Alifurahi. Akatoa kijitabu mfukoni akayaandika maneno hayo palepale, amesimama, na bila shaka yamekwisha kwenda mbele katika taarifa yake.

Tekla alikuwa ameketi karibu na Koleta, amempakata mtoto wa watu. Masista wamemfundisha Kiingereza, sikuwa nikijua. Alinisikia nilivyotafsiri. Akamkabidhi mtoto kwa mama yake, akajitwika mtungi wake na kwenda kisimani. Mpaka leo kila tukikutana njiani hunisalimu kwa adabu.

Justus